Mkono Uliofungwa Kibao

Nilipofika wodini nilimkuta dada yangu ametulia, na hilo ndilo lililonitisha. Dada yangu hajawahi kutulia. Ni kiziwi tangu utotoni, anasuka nywele Mbita, na akianza kusimulia kitu kwa mikono hata mteja aliyesukwa nusu kichwa husahau kwamba anaumia. Sasa alilala kwa ubavu na mimba yake ya miezi tisa, macho mlangoni, mikono kimya.

"Huyu hana shida," mama mkwe wake akaniambia, kwa fahari kidogo. "Hata sister wa wodi amemsifu. Wengine wanapiga kelele, yeye hapana."

Nikamwangalia vizuri. Mkono wa kulia ulikuwa umewekewa maji ya dripu, na ili sindano isitikisike walikuwa wameufunga kwenye kibao cha boksi kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, plasta juu ya plasta. Wa kushoto ulikuwa na kile kitambaa cha presha kinachojaa na kubana chenyewe, na alikuwa ameonyeshwa asiukunje. Nikaangalia mara ya pili, maana mimi huuza omena, wale dagaa wa ziwani, na hata nikishapimiwa huwa napima tena. Ilikuwa vilevile. Walikuwa wamemziba mdomo na hakuna aliyejua.

Ubaoni kulikuwa na orodha ya wanaongoja kupasuliwa. Yeye alikuwa wa nne. Wale watatu wa mbele niliwasikia wakilia tangu nikiwa kwenye ngazi.

Ishara zetu za nyumbani, tulizozibuni tukiwa watoto, zinatosha kununua unga na kugombana. Hazifiki hospitalini. Lugha ya ishara yenyewe aliisoma shule ya bweni, mimi nikabaki na biashara yangu Migori. Ndiyo maana simu yangu ina programu ya kumwita mkalimani kwa video: mgonjwa anaongea kwa mikono, mkalimani anatoa sauti, daktari akijibu, jibu linarudi kwa mikono. Chaji ilikuwa asilimia thelathini na moja. Nikapiga.

Kwenye kioo akatokea mkalimani, kijana mwenye shati jeusi. Akamtazama dada yangu, akasogea karibu na kamera, akakunja uso.

"Namwona, lakini simwelewi. Anatumia vidole viwili tu. Ni kama mtu anayeongea na ugali mdomoni. Mnaweza kumfungua?"

Nikamwita muuguzi.

"Mama, huo mshipa nimeutafuta mara tatu."

"Nne, sister. Matundu nimeyahesabu."

"Hapa si sokoni."

"Ndiyo maana naomba kidogo. Sindano iache. Toa kibao, na hicho cha presha ukiondoe dakika tano."

"Mbili."

"Tatu, na mkono wenye sindano nitauegemeza mimi mwenyewe."

Akanitazama kama mtu aliyechoka kuuziwa vitu, kisha akachukua mkasi.

Plasta ya mwisho ilipotoka, mikono ya dada yangu iliruka. Hakuwa akisimulia. Alikuwa akirudia kitu kimoja, kwa haraka, kwa hasira, na damu ikaanza kupanda kwenye mpira wa maji. Yule kijana akapunguza sauti.

"Anasema maumivu hayaji na kuondoka. Yamekaa mahali pamoja, kwenye kovu la upasuaji wa mtoto wa kwanza, tangu alfajiri. Anasema kuna kitu kinachanika. Anasema amemwambia kila mtu aliyepita hapa."

Muuguzi akaweka vidole juu ya lile kovu, akabonyeza kidogo tu. Dada yangu alitoa sauti ambayo sijaisikia tangu tuzaliwe. Muuguzi akatoka mbio, na kutoka wa nne dada yangu akawa wa kwanza.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji wahudumu wakataka kunirudishia simu, mkalimani akiwa bado hewani.

"Humo ndani mtavaa barakoa," nikamwambia daktari aliyetupokea. "Hata midomo yenu hataisoma. Mnataka mumpasue bila kumwambia kitu?"

"Haiwezi kuingia hivyo. Ina vijidudu."

"Basi itieni kwenye mfuko wa plastiki, ule unaoonyesha ndani."

Akasita. "Ileteni."

Chaji ilikuwa imebaki kumi na nne, na simu ilikuwa ikila asilimia moja kila dakika. Nikapiga hesabu: dakika kumi na nne. Nikarudia, hazikuongezeka.

Mama mkwe akaanza kuomba kwa Kijaluo, chini chini. Nikamwomba apunguze, nipate kusikia mtoto akilia. Akanyamaza kabisa. Dakika ya kumi na nne ikapita, ya kumi na tano, ya ishirini. Nyuma ya mlango ule palisikika vyuma tu.

"Nilidhani ni ujasiri," akasema ghafla. "Ule utulivu wake. Nilikuwa nampigia simu mwanangu, nikimsifia."

Nikasogea karibu naye kwenye benchi.

Dakika ya ishirini na sita tukasikia kilio. Chembamba, kama mlango unaohitaji mafuta, lakini kilio. Tukakumbatiana pale kwenye benchi, tukacheka, tukalia.

Ya ndani nilikuja kuyajua siku ya tatu, dada yangu alipokuwa na mikono yake yote miwili, na simu yangu ina chaji na mkalimani ndani yake. Wakati wa upasuaji hakuwa amelazwa usingizi. Sindano ya mgongoni ilikuwa imeutia mwili ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini tu. Alimwona mkalimani akiinua mikono aanze kumweleza jambo, na kioo cha simu kikawa cheusi. Baada ya hapo aliona barakoa peke yake, na macho yote yakiwa kwenye meza nyingine. Alijua mtoto amekufa. Akamzika palepale moyoni, akampa hata jina la kuzikiwa. Kisha mtu akaja na kitu kilichofungwa kitambaa, akakilaza shingoni mwake, naye akahisi koo dogo linatetemeka juu ya lake.

"Nyinyi nje mlimsikia?" akaniuliza.

"Tulimsikia."

"Alipotoka tu?"

Nikakubali kwa kichwa. Akamgeuza mtoto upande wa pili, akamnyonyesha, nami nikapiga hesabu: tulipokuwa tukicheka pale kwenye benchi, yeye alikuwa bado akimzika.