Mama Lehemu ajenga stesheni ya baba yake juu ya meza

Saa nne asubuhi, duka la redio limeshafunguliwa lakini hakuna anayeulizia redio. Kwenye chumba cha nyuma, mwenye duka, Mama Lehemu, ameinamia meza, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Analehemu kipande cha reli chenye urefu wa kidole juu ya mataruma, vile vipande vinavyobeba reli, membamba kama njiti za kiberiti. Moshi unamwingia machoni, naye hapepesi.

"Nikipepesa, reli inahama," anasema. "Ikihama kiasi cha unywele tu, treni inalala chali."

Anachojenga ni njia panda ya reli, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Ni sehemu ya mfano wa stesheni ya zamani utakaowekwa kwenye ukumbi wa maonyesho. Mbili alizotengeneza mwanzo ziliangusha mabehewa mbele ya msimamizi wa ukumbi. Hii ni ya tatu, na msimamizi amekata shauri: ikiangusha tena adhuhuri ya leo, ataagiza reli za plastiki za kiwandani.

Siku hizi watu wanasikiliza redio kwenye simu, na wiki nzima inaweza kupita akapata mteja mmoja, tena wa kubadilisha waya. Lakini si tumbo peke yake linalomkalisha hapa. Kwenye stesheni hiyo ndiko baba yake alikovuta nyenzo za kugeuza reli, mpaka macho yalipomtupa mkono.

Mzee mwenyewe ameketi pembeni, mkongojo mapajani. Haoni, lakini humu ndani vidole vyake ndivyo mkaguzi mkuu, na mdomo wake hauna breki.

Wiki iliyopita, kwenye njia panda hii hii ya tatu, vidole hivyo vilibaini kioja. Karatasi ya mchoro ni nyembamba, mistari inaonekana pande zote mbili, na binti yake alikuwa ameigundisha mezani ikiwa imegeuzwa. Njia iliyopaswa kwenda kulia ikaenda kushoto. Mzee aliipapasa, akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, kushoto palikuwa na vyoo," akamwambia. "Sasa abiria wangu unawapeleka wapi na mizigo yao?"

"Nililia," Mama Lehemu anasema bila kuona haya. "Halafu nikawasha chuma cha kulehemu, nikabandua vyote. Ningefanyaje? Siwezi kumjengea baba stesheni kinyume."

Adhuhuri msimamizi anaingia, behewa mkononi. Hana maneno mengi. Analiweka relini, Mama Lehemu analisukuma kwa ncha ya kidole. Mzee amekaza shingo, anasubiri mgongano ule wa magurudumu aliousikia mara mbili kabla behewa halijaanguka.

Kimya.

"Sukumeni basi," anasema. "Mnangoja nini?"

Anayejibu ni msimamizi: "Limeshapita, mzee."

Sasa zimebaki njia panda nyingine saba, na zote amepewa yeye. Ana mpango ambao hata msimamizi hajaambiwa: siku ya ufunguzi, reli ya kwanza itageuzwa kwa nyenzo inayomtosha mtu mzima kiganjani.

"Ataivuta baba," anasema. "Treni haitaondoka mpaka avute yeye."

Juu ya mkongojo, mkono wa kulia wa mzee umeshaanza kuvuta.