Kamusi Iliyoanzia Herufi ya M

Mwaka 1976, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alianguka kutoka juu ya mti akirina asali, akavunjika nyonga. Shida zilianza siku hiyo. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, tena wa kike, na pale Itigi watu walishasema shule yangu imekwisha. Shangazi wa Rungwa alitaka mtu wa kumchungia mbuzi. Baba akakata shauri: asali iliyomo ndani na gunia la nta visiponunuliwa kabla ya mvua, niende Rungwa.

Nilikuwa darasa la nne. Kiingereza chetu kiliishia kwenye salamu, maana mwalimu wake alihamishwa na hakuletwa mwingine. Nilijifunza mwenyewe, na shukrani ya kwanza naitoa kwa bibi aliyeuza karanga stesheni. Alikuwa anachana kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, anafungia karanga. Nilipoiona, A mpaka L zilishaondoka na abiria wa treni. Nikamwomba zilizobaki.

"Na karanga nizifungie kwenye nini, mjukuu wangu, kwenye kiganja?"

Nikampa madaftari yangu ya darasa la tatu. Akayapokea, ila akasema mwandiko wangu utamfukuzia wateja.

Darasani nilimaliza hesabu haraka, nikaweka ukurasa wa kamusi ndani ya daftari, nikakariri. Mwalimu wa hesabu akanikamata. Nikangoja fimbo. Yeye akaugeuza ule ukurasa, akaniambia nisome tu, lakini hesabu zake zitangulie. Ni marehemu sasa. Namshukuru hivyo hivyo.

Kutamka hakuna aliyenifundisha. Nilisoma kama Kiswahili. "Wait", yaani subiri, kwangu ilikuwa wa-i-ti.

Mawingu yalishaanza kujikusanya siku alipokuja mzungu nyumbani. Mama alikuwa shamba, baba amelala ndani na nyonga yake, mimi napepeta mtama uani. Dereva wake alibaki barabarani anaziba pancha, kwa hiyo hapakuwa na wa kutafsiri. Akanisalimia, kisha akauliza neno moja: "Hani?"

Sasa mwenye akili aniambie, kwetu kuhani ni nini? Ni kwenda kuwapa pole waliofiwa. Nikajua amesikia huko barabarani kwamba baba amekufa, amekuja kuhani. Kiingereza ninacho, nikamjibu.

"No. Old man sick." Hapana, mzee anaumwa tu.

Akatikisa kichwa kwa huruma, akageuka kwenda zake.

Baba akaniita kutoka ndani. "Umemwambia nini mbona viatu vinaondoka?"

"Nimemwambia hujafa, baba."

"Nani kasema nimekufa?"

Nikamweleza lile neno. Baba akasema watu hawaji kuhani wakiwa wamebeba madumu matupu. Nilikuwa sijayaona. Nikatoka mbio. Asali kwa Kiingereza inaanza na H, nyuki anaanza na B, na vyote vilishafungiwa karanga. Nikapiga kelele "Wa-i-ti! Wa-i-ti!" Mtu anaendelea kutembea tu. Nikawaona mbuzi wa shangazi kabisa. Ndipo nikakumbuka neno jingine la W, kurasa chache tu baada ya wa-i-ti.

"Wax!"

Akasimama. Hiyo ni nta, na hiyo hata mimi sikuweza kuikosea. Nikamshika mkono mpaka lilipo gunia, nikafunua na vibuyu vya asali. Akachovya kidole, akacheka mpaka akakaa chini, akaninyooshea kidole kilichochovywa, akanifundisha: "Honey." Hani. Ndiyo ile ile. Akanunua vyote, na msimu uliofuata akarudi.

Rungwa sikwenda. Nilimaliza la saba, sikuchaguliwa kuendelea, basi, hiyo ndiyo elimu yangu yote. A mpaka L nilizikamilisha ukubwani. Wanunuzi wa nje naongea nao mwenyewe, na vijana wenye digrii huniuliza wamesema nini. Sasa hivi najifunza Kichina kwa simu. Kigumu, ila angalau hakijachanwa.

Namshukuru Mungu, na bibi wa karanga, na mwalimu, na baba aliyeyasikia madumu akiwa kitandani.

Leo nina mizinga mia mbili na kumi. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne. Mashine ya kukamulia asali. Pikipiki. Kisima. Ng'ombe tisa. Kamusi tatu nzima, na zile kurasa za M mpaka Z ndani ya kopo la biskuti. Na mbuzi kumi na wanne, wangu, nawachunga nikijisikia.