Mama Mkwe na Sindano ya Kunirudishia Pumzi

Mimi Mama Zuhura, muuza vitenge wa Kasulu, nashuhudia kwa kujidai, na asiyependa majidai anivumilie. Kabla ya ajali nilipanda lori na marobota yangu hadi minada ya Kibondo, nikayashusha mwenyewe wanaume wakitazama.

Mwaka 2013 lori likapinduka, nyonga yangu ikavunjika. Nilipasuliwa, kidonda kikatunga usaha, haja zote nikawa namalizia kitandani. Kwa maumivu nilitafuna shuka. Daktari akanianzishia mofini ya maji, ya kunywa kwa kipimo, na miezi ikapita nikiitegemea.

Siku moja ya mvua nilikuwa na homa na tumbo tupu. Mume wangu alinipa dozi yangu, akaenda kwenye duka letu la vitenge. Mama mkwe hakujua. Aliponikuta bado nalia, huruma ikamzidi, akanimiminia nyingine kwa kijiko cha chakula. Nikaanza kukoroma. Kwetu mgonjwa akipata usingizi haamshwi. Akawanyamazisha watoto, akawarudisha majirani mlangoni, akamshukuru Mungu kwamba nimepumzika. Kumbe pumzi ilikuwa inakatika.

Mume wangu aliporudi mchana akaona midomo yangu imekuwa myeusi. Alinifinya, sikushtuka. Nikapakiwa kwenye pikipiki, katikati yake na dereva, hadi hospitali. Huko wakanidunga naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini mwilini. Nikazinduka na maumivu yangu yote kwa mpigo, nikamporomoshea muuguzi matusi ambayo siyarudii hapa.

Mofini bado niliihitaji, ila sasa niliiogopa. Nikamwomba daktari anipe na sindano ile nikae nayo nyumbani. Akasita. Alisema inapatikana kwa shida, inarudisha maumivu, tena nguvu yake huisha mapema, kwa hiyo mgonjwa lazima akimbizwe hospitali hata akizinduka. Na mume wangu hushinda dukani.

"Nani atakudunga?" aliuliza.

Mama mkwe, aliyekuwa akilia kwenye benchi, akasimama.

"Nifundishe mimi, mwanangu. Mimi ndiye niliyemlaza."

Muuguzi yuleyule niliyemtukana akampa sindano na machungwa, naye mama mkwe akayadunga hadi mkono ukazoea na wodi nzima ikanuka machungwa. Daktari akakubali, tukaruhusiwa na dawa zote mbili.

Leo ni 2015. Nyonga imeunga, natembea kwa mkongojo, na mofini nilipunguziwa taratibu mpaka nikaiacha. Sindano haikutumika hata mara moja, lakini kwa sababu ilikuwepo, nililala bila hofu.

Wenye mgonjwa wa mofini, nisikilizeni. Apime mtu mmoja, kwa kipimo cha hospitali. Akikoroma isivyo kawaida, mwamsheni, na asipoamka mkimbizeni. Mwulizeni daktari kuhusu naloksoni, hata akisita.

Wapo hapa mjini wanaonong'ona kwamba mama mkwe alitaka kuniua. Waje dukani kwangu. Alhamdulillah, pumzi ya kuwajibu ninayo.