Posa Juu ya Duka la Mikate

Mtu wa kwanza kukutana naye katika kile kimji cha Ufaransa nilimpa sarafu. Alikuwa mzee amesimama nje ya ngome ya kale, kavaa kizibao cha manjano kinachong'aa, anaelekeza magari pa kuegesha. Mimi natoka Johannesburg. Kwetu, mtaa wa Berea, mtu wa kizibao namna ile ndiye anayekulindia gari, na huondoki bila kumpa chochote. Nikashuka, nikamtia sarafu kiganjani, nikamwambia kwa lugha ya mitaa yetu, "Sharp, mzee wangu," nikajiona muungwana kweli.

Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akiendesha, alijifunika uso. "Kaka, huyo ndiye baba mkwe!"

Loo! Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe siku ile kila mwaka wenyeji hujitolea kupokea wageni wanaokuja kutazama majengo yao ya kale, na yule mwashi mstaafu alikuwa amepangiwa magari. Alicheka mpaka akakohoa, akaitia sarafu kwenye kopo la mchango wa paa la kanisa, akanipiga bega. Aibu yangu ilipopungua ndipo neno lile liliponichoma. Baba mkwe? Nani kaposa?

Huyu mdogo wangu nimemlea. Baba alipofariki Tanga nilimchukua akiwa na miaka kumi, nikaja naye Johannesburg, tukakaa chumba kimoja ghorofa ya kumi na moja, pazia katikati, cherehani yangu dirishani. Alipokuwa mkubwa alipata kazi ya kutunza wazee Ufaransa, na huko akapata mchumba, kijana mwashi kama baba yake. Kijana alisilimu, sina neno naye. Lakini walii ni mimi, na bila ridhaa yangu hapakuwa na ndoa. Nilimwambia nitakuja nione mwenyewe. Sikumwambia kwamba nilipanda ndege nikiwa nimeshaamua kukataa.

Basi wakanitembeza. Ngome ina ngazi za mawe zinazozunguka kama konokono, na wageni wote walipumzika njiani isipokuwa mimi. Lifti yetu Berea ilikufa siku nyingi, miguu yangu imezoea. Mzee wa kizibao alinionyesha kisima, gereza, na jiwe moja ukutani alilolitengeneza yeye mwenyewe ujanani. Alilipapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Nikampenda pale pale, na nikakasirika kwa kumpenda.

Alasiri tukaenda mimi na mdogo wangu kwenye magofu ya nyumba ya watawa, mwendo mfupi nje ya mji. Hayana paa, nyasi zimeota pale watu walipokuwa wakisali. Nikaona ndipo mahali pa kulisema.

"Hawa watu wanapanga harusi. Mimi sijaona posa. Posa huletwa nyumbani kwa binti."

"Nyumbani wapi, kaka? Tanga nyumba ina wapangaji. Berea kuna pazia. Wataipeleka wapi?"

"Hilo si langu."

Akanitazama. Mdogo wangu akikasirika hapigi kelele, husema taratibu. "Wewe hutaki tu kubaki peke yako."

Ni kweli. Tangu aondoke nilikuwa nikipika wali wa watu wawili, halafu namgongea jirani mlango nimpe uliobaki. Tulirudi mjini, yeye mbele, mimi nyuma.

Asubuhi akanigongea nilikolala, akanipeleka kwake. "Kwangu ni hapa," akasema. Alikuwa amepanga chumba kimoja na bafu juu ya duka la mikate. "Wewe ni mwenyeji, wao ni wageni. Waje waposee hapa. Unakubali au una sababu nyingine?"

Eish, sikuwa nayo. Nikavaa kanzu, nikachemsha chai ya tangawizi. Lakini mwali hakai kikaoni akaposwa mbele ya macho yake, sembuse kujitafsiria posa mwenyewe! Na mimi Kifaransa changu kinaishia bonjour. Tukampigia simu fundi mwenzangu wa Berea, Mkongo wa Lubumbashi anayekijua Kifaransa, tunashona meza moja. Akaiegemeza simu yake kwenye cherehani, uso wake ukajaa kwenye kioo, na nyuma yake nikaona nguo zetu zimetundikwa.

"Niko mushenga leo?" akauliza. "Mutanipa koti ya mushenga!"

Saa kumi wakabisha hodi. Baba kavaa suti, mama kabeba keki, kijana kaachwa chini dukani kama inavyotakiwa. Mdogo wangu akaingia bafuni, akafunga mlango. Mzee hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, mikono yake mikubwa haina pa kwenda, akasema maneno machache kwa Kifaransa.

"Baba anasema," fundi akatafsiri, na mzaha ukamtoka, "yeye ni mutu wa mawe, hajue kusema muzuri. Anaomba binti yako akuwe binti yake pia. Anasema atamuchunga."

Desturi inaniruhusu kusema tumesikia, tutawajibu, kisha nikae na jibu mwezi, mwaka. Ndivyo nilivyokuwa nimejipangia. Nikauelekea mlango wa bafu nikaita, "Mdogo wangu, wageni wamekuja. Unawafahamu?"

"Nawafahamu, kaka."

"Niwapokee?"

Sauti ikaja imelowa machozi. "Wapokee. Lakini kama wewe hutaki, sitaki."

Wallahi, hapo nikavunjika. Mtoto niliyemfundisha kuvuka barabara ananipa mimi maisha yake niyashike, na mimi nilikuwa nayapima kwa sufuria yangu ya wali.

"Mukubwa," fundi akasema polepole, "banangojea."

"Mwambie nimekubali," nikasema. "Mwambie huyu ndiye ndugu yangu, sina mwingine."

Fundi akatafsiri. Mzee akainamisha kichwa. Mama wa kijana akaiweka keki kitandani, akaja kuketi karibu nami, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na hakuuachia hata chai ilipopoa.