Kurumbiza wa Birkat al Mauz

Utotoni mwangu, kijiji chetu kizima cha Birkat al Mauz hapakuwa na mtoto wa kunishinda kwa manati. Wabishi wapo, lakini wengi wao hata mtende uliosimama walikuwa wakiukosa. Skuli niliiacha mapema. Shabaha haifundishwi darasani.

Siku hiyo joto lilishavunjika, tende zimeshavunwa, na Bibi akanichukua tutembee kando ya falaji, mfereji wa maji ya mashamba, mpaka mwisho wa migomba. Ndiyo majira ambayo ndege wa safari hushuka mashambani kwetu kunywa maji. Tulimwona hudihudi na kilemba chake, anakwenda mbio kama shekhe aliyechelewa sala ya Ijumaa. Keremkerem walijipanga kwenye waya wa umeme, kijani na dhahabu, wazuri hata manati nikaisahau mfukoni.

Halafu, juu ya mndimu, ndege wa manjano mwenye mbawa nyeusi. Bibi akasimama. Kwao Unguja, alisema, huyo ni kurumbiza, ndege wa mgeni: unamuuliza, akiruka mgeni yuko njiani, akitulia hakuna mtu. Nilijua anamtaka nani. Dada yake, Bi Zuwena, aliyebaki Unguja, hawajaonana tangu usichana wao, na viza yake ya kuvuka bahari kuja kwetu ilishakataliwa mara mbili.

"Kurumbiza," Bibi akasema, kwa adabu kama anayebisha hodi, "kama dada yangu anakuja, ruka."

Ndege katulia. Akauliza tena. Ndege anajichambua manyoya, hana habari naye. Nikamwona Bibi anavuta mtandio usoni.

Nikasogea nyuma yake, nikavuta manati, nikalenga tawi, shubiri moja chini ya kucha za ndege, nikaachia. Akaruka, na manjano yote yakafunguka juani. Mpaka leo sijaona kitu kizuri kama kile.

Bibi akarudi nyumbani akatandika kitanda cha mgeni. Wiki nzima kitanda kitupu. Mwisho nikaenda kukiri.

"Jiwe nililisikia, kwani mimi kiziwi?" akasema. "Nilimwambia aruke. Sikumwambia aruke mwenyewe."

Bi Zuwena alikuja baada ya miaka miwili.

Zamani nikijiona nimemdanganya Bibi. Sasa naona vingine. Alikuwa amesimama pale peke yake anamuomba ndege, kumbe nyuma yake kuna mwengine anayemtaka dada yake aje. Nadhani hilo lilimtosha kumpa subira.