Nyota za Kutulia

Mpaka leo simu ikilia Ijumaa saa tisa alasiri mimi husonya, hata kama ni mteja anapiga. Mwaka ule binti yangu alipokuwa PP2, darasa la mwisho la chekechea, hiyo ndiyo ilikuwa saa ya mwalimu wao kutuma picha ya chati kwenye grupu ya wazazi. Mimi hushona mapazia, nina kibanda karibu na Adams Arcade, na picha hiyo ilikuwa ikinikuta kitambaa cha mtu kiko chini ya sindano. Mwalimu hakuwa akiandika neno. Alituma picha tu, kisha wazazi wakaanza.

Chati yenyewe ilikuwa imebandikwa ukutani darasani. Majina ya watoto kushoto, na juu mwalimu ameandika mambo anayoyataka: Kusalimia, Kugawana, Kumaliza Kazi, Kutulia. Mtoto akifanya vizuri anabandikiwa nyota ya dhahabu. Nyota hazikuwa na ubaya kwangu. Ubaya ulikuwa kwa ile picha. Binti yangu alikuwa na nyota za kusalimia mpaka zimebanana, na za kugawana pia, maana yule angegawa hata kiatu chake. Lakini chini ya Kutulia, mbele ya jina lake, palikuwa peupe. Wiki ya kwanza peupe, wiki ya pili peupe, na watu wazima wazima wanapanua picha kwa vidole viwili waone huyo ni mtoto wa nani.

Halafu hongera zinaanza kumiminika. Amina. Hongera sana mama, Mungu azidi kumwinua. Kumwinua wapi, jamani? Mtoto wa miaka mitano amekalia kiti chake bila kuanguka, sasa mnamwombea kama ameteuliwa waziri! Nilikuwa nayasema hayo kwa sauti, peke yangu na cherehani. Lakini kuandika sikuandika. Nilichoandika ni "Hongera kwao wote" na mikono miwili ya maombi, mnafiki mimi.

Ijumaa ya tatu mama mmoja, ambaye kila mtu alijua familia yao ina nyumba za kupangisha, akaandika: "Wazazi wenzangu, mambo mengine tuyamalizie nyumbani, tusimwachie mwalimu kila kitu." Hakutaja mtu. Angetaja wa nini, na mwenye peupe ni mmoja tu? Sisi ni watu wa kutoka magharibi, tulikuja Nairobi kutafuta, tunakaa kwenye ekstensheni, vyumba vya kuongezwa nyuma ya nyumba ya mwenye ploti huko Jamhuri, na nilijua kabisa anatuonaje. Nilizima simu nikakata kitambaa cha watu vibaya, ikabidi nianze upya.

Jioni hiyo nikamwandikia mwalimu kando. "Mwalimu, shida ya huyu mtoto ni gani?" Akajibu haraka: "Anatoka sana, mama. Maji, choo, maji, choo. Hatulii." Basi. Nikajua adui yangu ni huko kutokatoka. Sikumwuliza swali lingine hata moja, na hilo ndilo kosa ambalo sijawahi kujisamehe.

Kesho yake asubuhi nikaenda Ngara, kwenye maduka ya jumla ya vifaa vya shule. Nilinunua karatasi ya manila, kalamu za rangi, na pakiti ya nyota. Nilichagua kubwa kushinda za mwalimu, makusudi. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba mwenye duka aliniuliza kama kuna mtu amenikosea njiani.

Mkono wangu unachora vizuri, kazi ya mapazia inataka hivyo. Jumamosi nzima nilikaa chini sebuleni nikachora siku ya mtoto, picha baada ya picha, kwa mstari: jua, choo, mswaki, yunifomu, kikombe cha uji, begi, lango la shule. Mstari wa pili: kurudi, sahani, mpira, karai la kuoga, choo, kitanda. Nikabandika ukutani kando ya mlango, urefu wa macho yake. Baba yake, ambaye ni fundi wa nyaya za stima, alirudi akaiangalia akacheka.

"Hii sasa ni ratiba ya jeshi," akasema.

Nikamwambia kama hana la kusaidia ale chakula chake anyamaze.

Kisha nikamwita binti yangu, nikampigia magoti, nikamshika mabega. "Unaona hizi picha? Ukizifuata vile zimepangwa, bila kuruka na bila kuongeza, jioni unapata nyota. Na shuleni unatulia. Hakuna kutokatoka. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Bila kufanya nini?"

"Bila kuruka na bila kuongeza."

Nilimfanya arudie mara tatu. Nilijiona mwerevu kweli.

Na lazima niseme ukweli, ilifanya kazi. Asubuhi zetu zilikuwa vita, mimi nafoka, yeye anatafuta soksi moja, uji unamwagika. Sasa aliamka akaenda ukutani mwenyewe, akagusa jua kwa kidole, akagusa choo, akaenda. Akarudi akagusa mswaki. Sikuwa na haja ya kupaza sauti. Jioni akabandika nyota yake mwenyewe, akaikandamiza kwa kidole gumba muda mrefu isije ikabanduka. Wiki hiyo kwenye picha ya Ijumaa alikuwa na nyota mbili za Kutulia. Wiki iliyofuata, tatu. Iliyofuata, tano. Safu yote, kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa!

Niliruka kibandani mpaka mteja akashtuka. Hongera zikaja, na hata yule mama wa nyumba za kupangisha akaandika "Hongera, jitihada inaonekana." Nikamjibu "Amina" kwa raha ambayo si ya kanisani. Niliweka picha kwenye status yangu, nikalizungushia jina la mtoto duara jekundu. Mama yangu akapiga simu kutoka nyumbani kuuliza mjukuu wake ameshinda nini. Nikamwambia ameshinda wote.

Chupa yake ya maji ilikuwa inarudi imejaa. Niliiona. Sitamdanganya mtu kwamba sikuiona. Kila jioni nilimwaga yale maji, nikaosha chupa, nikajaza mengine asubuhi. Nilidhani ni ile baridi ya Julai, nani anataka maji na baridi hiyo? Alianza kukaa amekunja miguu kwenye kiti, amebana, anatikisika kidogo. Nikamwambia atulie.

Siku moja ya Jumamosi aliamka na homa, ameshika tumbo chini ya kitovu, hataki hata nimguse. Nikambeba mgongoni na ukubwa wake wote mpaka kliniki. Daktari alimpapasa tumbo, akauliza maswali, akataka mkojo upimwe. Nesi akampa kichupa, kwa upole tu, akamwonyesha mlango wa choo.

Binti yangu akakataa.

"Enda, mami, ni kidogo tu," nesi akamwambia.

"Si saa ya choo."

"Nani amesema si saa?"

"Nikienda nitapoteza nyota."

Nesi akaniangalia. Nilijibu kabla hajaniuliza, nikamwambia ni mambo ya shule hayo, kuna mwalimu huko anawapa watoto nyota ya kutoenda choo. Nilisema kwa sauti, watu wote kwenye benchi wakasikia, wakatingisha vichwa. Ilibidi nesi afungulie mfereji asikie maji yakimwagika, na mimi nimshike mikono, ndipo mtoto akashindwa kubana. Yalitoka matone ya rangi ya chai, huku analia kwa kuchomwa. Alipomaliza alisema, "Nimeharibu."

Daktari hakunificha. "Huyu mtoto hanywi maji, na anabana mkojo siku nzima. Ana maambukizi, na yameanza kupanda. Ungekaa wiki nyingine tungekuwa tunaongea habari ya figo." Akaandika dawa, akasema anywe maji kila saa, na aende choo wakati wowote akisikia. Wakati wowote, alirudia, akinitazama mimi.

Figo! Mtoto wa miaka mitano! Jumatatu nilimwacha na baba yake nikaingia ile shule bila hata kuandika jina kwa askari wa lango. Mwalimu alikuwa anagawa vitabu. Nilimwambia atoke nje, na akatoka. Nilisema yote. Nilimwambia chati yake imekaribia kuniulia mtoto. Nilimwambia picha zake za Ijumaa ni uchawi, anatugombanisha wazazi kwa watoto wetu kama kuku wa kushindanishwa. Nilimwuliza yeye akibanwa na mkojo huomba nani ruhusa. Wapishi walitoka jikoni kusikiliza. Aliniacha nikamaliza, na alikuwa ameanza kulia machozi ya kweli.

"Mama," akasema, "kwangu wanaenda choo. Wanainua mkono, wanaenda. Wako alikuwa anaenda, lakini akitoka choo anapitia jikoni kumsalimia mpishi, anakaa huko mpaka nimtafute. Hilo ndilo nilikuwa nakataa."

"Uliniandikia maji, choo, maji, choo!"

"Niliandika vibaya. Nilikuwa na haraka."

"Na alipoacha kwenda kabisa, hukuona?"

Akajifuta uso kwa mkono wa sweta. "Niliona. Nilimwuliza. Akaniambia choo iko mara mbili, asubuhi na jioni, mama amechora. Nikadhani ni maneno ya watoto."

"Ukashindwa kuniambia!"

"Ulikuwa umefurahi sana, mama. Wiki hiyo nilikuandikia nina swali, ukanijibu kwa ile picha yenye duara jekundu, nikaacha."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nadhani nilimwambia hatutamalizana hapo, kitu kama hicho, kwa sababu mtu aliyekuja kupigana hawezi kuondoka kimya. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na njia nzima nilikuwa bado namkasirikia. Na bado namkasirikia. Picha za Ijumaa zilikuwa ushenzi na sitabadilisha neno hilo. Alijua kuna kitu, akanyamaza ili furaha yangu isiharibike, na mwalimu mzima hafanyi hivyo.

Lakini niliingia ndani nikasimama mbele ya ule ukuta.

Choo ya kwanza ilikuwa baada ya jua. Niliichora vizuri, na mlango wake wa bluu. Choo ya pili ilikuwa baada ya karai. Katikati kulikuwa na yunifomu na uji na begi na lango na sahani na mpira, mchana mzima wa mtoto, na hakuna pahali popote nilipomwachia kukojoa. Bila kuruka na bila kuongeza. Mdomo wangu huu. Mtoto ambaye hatulii alitulia kwa sababu nilimwambia, akashika neno langu kuliko mtu yeyote alivyowahi kulishika, akakaa darasani kutwa nzima mwili unamwuma akinitafutia mimi nyota. Zilikuwa zangu zile. Yeye angeridhika na mpishi wake.

Nilishika karatasi kwa juu nikairarua. Nikairarua tena, vipande vipande, nyota zikabanduka zikaanguka sakafuni, na mimi nalia kwa hasira, namtukana mwalimu, namtukana mama wa nyumba za kupangisha, najitukana mwenyewe kwa lugha ya kwetu ili mtoto asielewe.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kulala, na sweta ya baba yake mpaka magotini. Baba yake alikuwa nyuma yake na kikombe cha maji, cha tatu tangu asubuhi, kama daktari alivyosema. Aliangalia nyota sakafuni, akaangalia mikono yangu.

"Nimefanya nini?" akauliza.

"Hujafanya kitu. Ni mama amekosea. Hii ilikuwa mbaya, nimeitoa."

Hakulia. Alikuja akainama akaokota kipande kimoja, akakigeuza, akakiweka chini, akaokota kingine. Nilijua anatafuta picha gani. Alikuwa amebana mapaja, kisigino kimoja juu ya mguu mwingine.

"Mama," akasema, "choo imetoka kwa ukuta. Sasa nitakojoa lini?"

Baba yake aligeuza uso. Mimi nilipiga magoti pale pale kwenye makaratasi, nikamwambia sasa, mami, sasa hivi, kila ukisikia, hata mara mia, hakuna mtu wa kuuliza. Alinisikiliza kwa makini sana, vile alivyonisikiliza siku ile niliyobandika picha.

Kisha akaangalia pale ukutani palipobaki alama za gundi, akaniangalia mimi, akauliza kama ni kweli.