Kitabu cha Waridi Kilivyosomwa Mara Mbili

Shangazi yangu alikitupa kitabu ndani ya kapu la vitambaa chakavu, kisha akakikodolea macho kana kwamba kingetambaa kutoka.

"Amempokonya simu," alisema. "Amemfungia ndani. Halafu mwandishi anatuambia moyo wa binti uliyeyuka. Uliyeyuka! Moyo huo au siagi?"

Karakana nzima iliangua kicheko. Mimi nilikwenda kapuni, nikakiokota, nikakipangusa nyuzi, maana kilikuwa changu. Nilikuwa nimekinunua kwenye meza ya vitabu karibu na kituo cha basi, na kwenye jalada kilikuwa na picha ya waridi na ufunguo. Nimemaliza chuo kikuu, ila mimi na kazi niliyosomea bado hatujaonana, kwa hiyo Shangazi alikuwa ameniombea nafasi ya kukata nyuzi kwenye karakana anakoshona mashati ya sare za shule. Nilikata nyuzi na kuleta vitabu. Kuongea niliwaachia wenyewe.

Desturi ya karakana ile ni hii. Asubuhi cherehani zote hunguruma, hata ukiitwa jina husikii. Baada ya chakula cha mchana huzimwa, na washonaji hukaa kuizunguka meza ndefu ya kukatia, wakashona vifungo na mapindo kwa mkono. Mmoja wao hashoni. Yeye husoma hadithi kwa sauti, na mashati yake hugawanywa: kila mtu huchukua kutoka fungu la msomaji, akayashona pamoja na yake, na jioni yakahesabiwa kwa jina la msomaji. Kwa hiyo kusoma pale si burudani ya bure. Msomaji hula jasho la vidole vya wenzake, na wenzake wana haki ya kudai.

Msomaji alikuwa Shangazi, tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Walimwita Redio. Ni mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa mkono mmoja kwa uzi mweupe, na ndani ya koo lake wanaishi watu wengi. Kuna mwanaume tajiri, ambaye sauti yake huitolea puani. Kuna mama mkwe. Na kuna mzimu, ambaye sauti yake haipandi kama wanavyofanya watoto wakitishana, bali hushuka, taratibu, mpaka unajikuta umeinama kuisikia, na ukishainama umekwisha. Sauti hiyo iliwahi kumfanya Bi Kola ajishonee kifungo kwenye gauni lake mwenyewe.

Bi Kola ndiye mkubwa wao kwa umri, bingwa wa kola, na mpenzi wa hadithi zenye harusi. Yeye na Shangazi walikuwa wakibishana kila siku na hakuna aliyechoka.

"Redio, wewe hupendi mapenzi na hupendi majini. Unapenda nini?"

"Napenda mwandishi aliyefikiri kabla ya kushika kalamu," alijibu Shangazi. "Hebu niambieni. Hizi hadithi za kutisha za siku hizi, kwa nini kila zimwi ni bibi kizee? Ukimwona bibi kizee ukurasa wa kwanza, ndiye huyo. Mwanamke akikosa mtoto, ukurasa wa hamsini amegeuka jini. Wanaume wao wakifa wanapumzika tu? Hawana machungu?"

"Wamechoka," alisema mmoja.

"Kwa kazi gani?"

Kicheko tena. Shangazi hakucheka. Alikuwa na hasira ya kweli, ile inayomfanya mtu apange maneno.

"Na damu! Mwandishi akikosa la kusema anamwaga ndoo ya damu. Sisi tunaojichoma sindano kutwa, damu itatutisha nini? Kinachotisha ni mlango usiofunguka kwa ndani. Hicho wanakiandika kwenye vitabu vya mapenzi, wanakichorea na waridi."

Naye alisema kweli, na mimi nisiyeweza kuisema mdomoni naiandika hapa. Nimesoma vitabu vingi vya mapenzi vya miaka hii ya karibuni na vimenichosha. Mwanaume ana kifua kama mlango na adabu kama ya mlango. Binti ni mrembo ila hajijui, ana elimu ila haimsaidii, na akifuatwafuatwa mtaani mpaka kwao anaambiwa hiyo ni bahati. Mwanaume akikasirika, ni penzi. Akinyamaza, ni penzi zito. Tungesoma mambo hayo hayo kwenye taarifa ya polisi tungeshika kichwa.

Sasa, pale mezani alikuwepo binti wa rika langu, mwembamba, mwepesi wa mikono, tuliyemwita Sindano. Naye pia alimwita shangazi yangu "Shangazi", kwa kuniiga mimi. Sindano alikuwa na mchumba, dereva wa gari la kusambaza mizigo madukani, na kila mchana, hadithi ikiwa imepamba moto, simu yake iliita kwa video.

"Zungusha simu," sauti ya dereva ilisema. "Nione uko na nani."

Sindano aliizungusha, na meza nzima ikapunga mikono. "Shemeji, hujambo!" Bi Kola alikiweka sawa kitambaa cha kichwani na kutoa meno yote. Simu ikikatwa walimtania: "Mwenzetu anapendwa! Sisi wetu hawajui hata tunafanya kazi wapi." Na Sindano aliona haya, akafurahi.

Dereva alitaka aache kazi. Alisema mke wake hawezi kukaa kutwa katikati ya midomo ya watu. Sindano alikuwa na muda hadi mwisho wa mwezi kumwambia mwenye karakana, na wote tulijua maana yake: wasichana walikuwa wakisubiri nafasi pale mlangoni, na cherehani ikishapewa mtu mwingine hairudi.

Ndipo kitabu cha waridi kilipofika mezani. Shangazi alikisoma kwa siku kadhaa, akikitupa kapuni na kukirudia. Siku ya mwisho nilikuwa nimekaa nyuma yake, na niliona jambo: macho yake yalikuwa yameacha kutembea kwenye mistari. Alikuwa akitazama dirishani na mdomo unaendelea. Binti, alisoma Shangazi, aliukuta ufunguo kwenye suruali ya mwanaume alipokuwa akiifua. Alifungua mlango, akapanda basi, akafungua duka lake la vitambaa. Mwisho.

"Mwisho?" Bi Kola alishusha shati. "Na harusi?"

"Haipo."

"Kitabu kizima cha mapenzi hakina harusi? Mwambieni huyo mwandishi anirudishie vifungo vyangu!"

Jioni Sindano aliniomba kitabu akasome mwenyewe. Nilimtazama Shangazi, Shangazi alikuwa akifunga mkoba. Ningemnyimaje mtu kitabu? Nilimpa.

Njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake mchana, kabla msomaji hajafungua mdomo, Sindano alisimama.

"Shangazi, binti hakupanda basi."

Alikifungua kitabu penye mwisho.

"Alifika mlangoni, akasikia gari linakuja, akarudi kukaa kitandani. Kisha wakaoana. Na keki ilikuwepo."

"Ya ngazi ngapi?" aliuliza Bi Kola.

"Saba."

Bi Kola alimgeukia Shangazi, na safari hii hakuwa na utani. "Saba, Redio. Saba, na wewe umetunyima zote. Mashati yako nimeshona mimi, vidole vimeota sugu, kumbe unanilisha uongo?"

"Niliona aibu kusoma vile."

"Aibu ni ya aliyeandika. Wewe ni mdomo tu."

"Basi mdomo wangu una kinyaa."

"Ulikuwa unanisema mimi," alisema Sindano.

"Nilikuwa nakisema kitabu, mwanangu."

"Ulikuwa unanisema mimi! Kama wewe hukupendwa, usituzibie sisi."

Shangazi alivua miwani, akaanza kuufungua ule uzi na kuufunga upya. Alivuta fungu lake la mashati, akatunga uzi kwenye sindano, akaanza kushona vifungo vyake mwenyewe.

Nyumbani kwa Shangazi hakuna mlango wa chumba unaofungwa. Kila mmoja umeegemezwa jiwe. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kwa ajili ya hewa. Baadaye mama yangu alinieleza kwa maneno machache: Shangazi aliwahi kuolewa, na mume alikuwa akienda kazini na ufunguo wa nyumba. Siku alipofika kwao kulalamika, watu wazima walimwambia, anakufungia kwa sababu anakupenda. Jirani ndiye aliyevunja kitasa. Shangazi mwenyewe halisemi jambo hilo, ila ukimsomea sentensi kama ile ya moyo kuyeyuka, utaliona likipita usoni.

Basi Bi Kola akashika usomaji. Maskini Bi Kola! Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: neno, kimya, neno. Alipofika penye nukta alituambia, "Nukta." Shujaa alianza kumkumbatia binti Jumatatu, na mpaka Jumatano mikono yake bado ilikuwa haijamfikia. Alhamisi kukawa na mkutano mdogo penye pasi, na uamuzi ukaletwa na Bi Kola mwenyewe.

"Redio, rudi. Ila kwa sharti. Hupunguzi neno, huongezi neno. Na huyu msomi wako atakaa ubavuni mwako afuate kwa kidole. Ukichepuka, aseme."

"Nitasema," nilijibu, na wote waligeuka kutazama nani ameongea.

"Na aanze na mwisho wa kile kitabu cha waridi," alisema Sindano. "Wote. Kama ulivyoandikwa. Wasikie kwamba aliolewa."

Shangazi alivaa miwani. "Kama ulivyoandikwa," alisema. "Haya. Sipunguzi hata nukta."

Alifungua kitabu. Niliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Naye akaanza kusoma, na kwa neno la tatu nywele zilinisimama, kwa sababu hakuwa ametoa sauti ya mwanaume tajiri. Alikuwa ametoa ile ya mzimu.

"'Nataka kujua uko wapi kila dakika,'" alisoma, taratibu, akishuka, "'kwa sababu nakupenda.'"

Kidole changu kilikuwa juu ya maneno hayo hayo.

"'Humhitaji mtu mwingine. Mama yako wa nini? Rafiki zako wa nini? Una mimi.' Ndivyo alivyomwambia asubuhi, akicheka kwa upole. Nje, gari lilikuwa limezimwa. Hatua zake zilipanda ngazi, moja, moja. Binti alijua kila ngazi inavyolia. Ufunguo ulizunguka mara mbili kwenye kitasa. Binti akatabasamu."

Mtu mmoja alisema, "Mungu wangu." Vifungo vilibaki mezani. Wote walikuwa wameinama.

"'Kuanzia leo,' alimnong'oneza sikioni, 'hutatoka tena bila mimi.' Na moyo wake," alisoma Shangazi, na sauti ikafika chini kabisa, "uliyeyuka."

"Mwandishi ameandika hivyo?" Bi Kola aliniuliza kwa sauti ndogo. "Redio hajaongeza?"

"Hajaongeza," nilisema. "Neno kwa neno."

"Siku zote nilisikia penye maneno kama hayo ni pazuri," alisema Bi Kola.

Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi ni washonaji. Tungepaswa kuwa wa kwanza kupekua.

Simu ya Sindano ikaita.

Aliipokea, nadhani kwa mazoea ya mkono. "Zungusha simu," ilisema. "Nione uko na nani."

Aliizungusha. Ilipita kwa kila mmoja wetu, uso kwa uso, na hakuna mkono uliopungwa. Hakuna aliyesema shemeji. Bi Kola, aliyekuwa na meno ya kumtosha kila mtu, alifumba mdomo. Simu ilipomaliza mzunguko ilirudi kwa Sindano mwenyewe, na akajiona humo ndani, kwenye kile kipicha cha pembeni, akiwa ameishika.

"Mbona wamenuna?" iliuliza simu. "Wamekuambia nini? Nijibu. Wamekuambia nini?"

Sindano aliikata, akailaza kifudifudi kwenye kopo la vifungo. Ilinguruma humo, vifungo vikatetemeka pamoja nayo, ikanyamaza, ikanguruma tena. Alinyoosha mkono, akachukua shati moja kutoka fungu la msomaji.

"Endelea, Shangazi," alisema. "Bado keki."

Jioni gari la mizigo lilikuwa getini. Tulitoka wote pamoja, kwa mwendo mmoja, ingawa hakuna aliyepanga. Dereva alishuka, na nakubali kwamba alikuwa mzuri wa sura, kifua kama mlango kweli.

"Twende," alisema. "Umeshamwambia bosi wako?"

"Siachi kazi," alisema Sindano. "Na simu mchana siipokei. Nakuwa nashona."

"Nani kakufundisha hayo? Huyu mama?" Alimwelekezea Shangazi kidole.

"Hakuna aliyenifundisha. Nimesoma mwenyewe, na nimesomewa. Yote ni maneno yako."

Dereva alitutazama sote, akatema mate pembeni, akapanda gari. Siku zilizofuata alirudi mara kadhaa akapiga honi, kisha akachoka. Mwisho wa mwezi ulipita. Cherehani ya pili kutoka dirishani bado ni ya Sindano.

Kuhusu waandishi wetu, Shangazi hajawasamehe, nami sijawasamehe. Juzi nilimletea kitabu kipya, cha kutisha safari hii. Alifungua ukurasa wa kwanza, akasoma mistari miwili, akavua miwani.

"Nini tena?" aliuliza Bi Kola.

"Bibi kizee."

Na kitabu kikaruka kuelekea kapuni.